Rangi Iliyoitwa Nimekosea

Watu wa mtaa huu wakimtaja mdogo wangu husema, yule mzee wa gari la kale. Sipendi. Mdogo wangu alikuwa fundi rangi, na gari lilikuwa lake, yeye hakuwa wa gari. Nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu nikiwaachia wenye mwandiko mzuri wataandika habari za gari tu, na yeye watamweka pembeni kama spana.

Tulizaliwa wawili. Mimi nilitangulia, yeye akanifuata, na hakuacha kunifuata. Nilipopanga chumba changu cha kushonea nguo, yeye akapanga uwanja wa ng'ambo ya barabara, uwanja wenye mabati upande mmoja na jua upande mwingine, akaanza kazi. Kwa hiyo maisha yake yote nimeyaona dirishani, mguu wangu uko kwenye cherehani. Mtu asije kuniambia haikuwa hivi.

Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, na kucha zake sikuwahi kuziona zikiwa na rangi moja. Ukipeana naye mkono unaondoka na ushahidi. Alipaka magari, mageti, majokofu, vitanda vya chuma, viti vya kinyozi. Safari moja aliletewa mguu wa bandia, akaupaka ukafanana na mwenzake mpaka mwenyewe akawa kila asubuhi anaupaka mafuta.

Hakuwa na mashine ya kuchanganya rangi wala kipimo. Alikuwa na jicho na kidole. Akitaka kufananisha rangi anachanganya kwenye kopo, anachovya kidole, anapaka alama ndogo juu ya ile rangi anayoitafuta, kisha anakaa chini anasubiri ikauke. Ikikauka na alama bado inaonekana, anarudi kwenye kopo. Alama ikipotea, asione kidole kilipita wapi, anasema, "Imekubali." Hapo ndipo anawasha kompresa ya kupulizia.

Gari alipewa na rubani. Lilikuwa gari la mbio, milango miwili, limelala chini kama limekanyagwa. Kuingia ni kama kuingia kitandani, kutoka ni kama kutoka kisimani. Rubani alikuwa ameligonga kwenye nguzo, akalileta linyooshwe na lipakwe, na kabla halijakauka akahamishwa kikazi nchi ya mbali. Akaja na hati mkononi.

"Fundi, lichukue. Barabara za huku hazilitaki na mke wangu halitaki."

"Nami nitalifanyia nini?"

"Utalitazama," rubani akasema.

Taa za mbele za gari lile zilikuwa zimejificha ndani ya boneti. Ukiziwasha zinainuka kama macho ya chura. Lakini baada ya ile nguzo jicho moja lilikataa kuinuka, kwa hiyo likija usiku linakuja limefumba moja. Watoto wakaliita Konyeza. Mtaa mzima ukaliita Konyeza, mpaka askari wa barabarani.

Rangi yake ya kiwandani ilikuwa ya maziwa yaliyoanza kuganda. Mdogo wangu alilitazama siku mbili tatu akasema, "Dada, hili gari linaumwa." Akalipaka. Na alipoanza hakujua kuacha, maana aligundua kwamba wateja hawajui kusema wanataka rangi gani. Mtu anakuja anasema nataka nyekundu, nyekundu ipi hajui. Basi akaligeuza Konyeza kuwa kibao cha duka. Boneti rangi moja, paa nyingine, kila bawa la juu ya tairi na yake. Mteja anazunguka gari, anaweka kidole, anasema hii.

Zote alizipa majina, kwa sababu hata yeye hakujua rangi zinaitwaje. Bluu nzito ya boneti iliitwa Mkwe Amefika. Kijivu cha buti kiliitwa Usingizi wa Mchana. Nyekundu ya bawa la nyuma iliitwa Nimewasikia Nyote. Watu wazima na heshima zao walikuwa wanasimama uwanjani wanasema, "Fundi, nipakie Usingizi wa Mchana nje na ndani."

Sasa niseme habari za mlango wa kushoto.

Mke wa mdogo wangu, wifi yangu, alikuwa mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi. Wakati mmoja mdogo wangu alilala na homa, na gari la mikate la mwoka mikate lilikuwa linasubiri rangi. Wifi akaingia uwanjani, akafunga kitambaa puani, akachanganya rangi mwenyewe ili mumewe akiamka apulizie tu. Mdogo wangu alipokuja, bado anatetemeka, akafunua kopo.

"Nani kagusa makopo yangu?"

"Mimi. Nimekosea."

"Umetia nini humu?"

"Bluu ile, na njano."

"Njano ipi? Hapa pana makopo ya njano tele."

"Ningejua ni ipi ningekuwa nimekosea?" wifi akasema.

Mimi nilikuwa dirishani, sindano mdomoni, nikakaribia kuimeza kwa kucheka. Mdogo wangu akakoroga kwa hasira, akachovya brashi, akapaka kwenye mlango wa kushoto wa Konyeza ili amwonyeshe mkewe ameharibu nini. Kisha akainama karibu na mlango. Ilikuwa kijani. Lakini si kijani cha majani, wala cha chupa, wala cha sare za shule ambazo mimi nilizishona mpaka nikazichukia. Mwoka mikate akaingia wakati huohuo, akasimama mbele ya mlango.

"Hiyohiyo. Inaitwaje?"

Mdogo wangu akamtazama mkewe. "Inaitwa Nimekosea," akasema.

Na mji ukapakwa Nimekosea. Gari la mikate, geti la hoteli, viti vya kinyozi, masanduku ya posta ya watu binafsi. Kuna bwana mmoja alilala nje ya nyumba yake, sisemi wapi, akaja asubuhi kutaka geti lake lipakwe Nimekosea kabla mkewe hajaamka. Kila mara rangi ikiisha, mdogo wangu alichanganya upya, anapaka kidole kwenye ule mlango, anasubiri, mpaka imekubali. Kwingine hakuwa na kumbukumbu ya rangi ile. Mlango ndio ulikuwa unajua.

Wifi alitutoka binti yao akiwa bado anavaa sare ya shule. Aliugua muda mfupi, akaenda. Sitaandika zaidi ya hapo. Baada yake mdogo wangu aliendelea kupaka Konyeza kila fasheni ilipobadilika, boneti likabadilika, paa likabadilika, lakini mlango wa kushoto aliusugua kwa nta tu. Aliegesha gari upande wa mabati ili jua lisiufikie. Hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza, maana mtu haulizwi kitu kama hicho.

Gari likazeeka. Matairi yake yakawa hayapatikani, likawa linavaa ya gari jingine na kutembea kama mtu aliyeazima viatu. Likaanza kukohoa. Na mdogo wangu naye akaanza kukohoa, kwa zile thina za kuyeyushia rangi alizovuta. Kinyozi, ambaye kibanda chake kinapakana na uwanja, akapata la kusema kila asubuhi.

"Mkweche umeamka salama?"

"Umeamka."

"Na gari je?"

Watu wanacheka. Mdogo wangu naye alicheka, lakini mimi ni dada yake, najua kicheko chake cha kweli kinapotokea, na hakikutokea pale. Kisha likafunguliwa duka kubwa la rangi lenye mashine. Unaweka kipande cha bati, mashine inatazama, inakuchanganyia. Wateja wakapungua. Mtu aliyekuwa anaitwa Fundi Rangi akaanza kuitwa yule mwenye mkweche.

Ndipo akaja mkwe, mume wa binti yake. Kijana mpole, kazi yake ya kompyuta, anavaa miwani, anashika kikombe kwa mikono miwili. Alilizunguka Konyeza, akainama chini, akainuka.

"Baba, hili gari si mkweche."

"Ni nini basi?"

"Ni la kale. Kuna chama cha watu wanaotunza magari haya. Gari la mbio kama hili likichoka tu ni chakavu, hakuna anayelitaka. Lakini likitimiza miaka thelathini, injini yake ileile, bodi ileile, haliitwi chakavu tena. Jina linabadilika. Linapewa kibao, linaitwa gari la kale, na watu wanakuja kulipiga picha."

"Mimi thelathini nimeipita mara mbili na zaidi," nikasema, "na bado mnaniita bibi kizee. Kibao changu kiko wapi?"

"Shangazi, wewe hujakaguliwa."

"Jaribu unikague," nikamwambia, akazama kwenye kikombe chake.

Lakini mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameweka chini brashi. "Rudia hapo," akasema. "Jina linabadilika?"

Kuanzia siku hiyo hakuwa na usingizi. Alitaka kibao kile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Si kwa kujionyesha, ijapokuwa kujionyesha pia alikupenda. Alitaka kabla hajafa kitu chake kimoja kiitwe kwa jina zuri na watu wengine, tena mbele ya kinyozi.

Wakaguzi wa chama walikuja wawili. Mmoja alikuwa na sumaku ndogo kwenye leso, anaipitisha kwenye bodi kusikia wapi ni bati na wapi ni pati, ule udongo wanaozibia mabonde. Walitazama injini, wakatazama namba, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha yule wa sumaku akarudi nyuma hatua chache.

"Mzee, gari ni zima. Lakini hizi ni nini?"

"Ni kazi," mdogo wangu akasema.

"Gari la kale huwa kama lilivyotoka kiwandani. Rangi moja, ile ya kwanza. Hizi zote zitoke. Na hilo jicho lifunguke."

"Na mlango huu?"

"Na mlango."

"Ukibaki mlango peke yake?"

"Ukibaki mlango ni gari lililopakwa nusu, mzee."

"Na nikishapata kibao?"

"Ukishapata kibao hulipaki tena. Ndiyo maana ya kibao. Linabaki hivyo hivyo."

Walipoondoka nilivuka barabara, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Mlango usiuguse."

"Dada, mlango ni bati."

"Bati hilo lina rangi ya mkono wa mkeo."

"Rangi ile iko hapa." Akanionyesha kidole. "Nimeichanganya mara ngapi? Naijua nikiwa usingizini."

"Mara zote hizo ulikuwa unaufuata mlango. Wewe ufunguo wa nyumba yako unausahau mezani kwangu kila siku, utakumbuka tone la njano?"

"Unataka nife naitwa mwenye mkweche?"

"Nataka ufe unaitwa fundi rangi."

Alinuna. Mwezi mzima hakuja kunywa chai kwangu, na mimi sikumpelekea. Tulinyonya ziwa moja, hakuna kati yetu aliyepewa shingo laini.

Akaanza kukwangua. Alianza na boneti, kwa dawa, kikwangua na msasa wa maji, na rangi zikawa zinatoka moja chini ya nyingine. Watu wakawa wanasimama kutazama. Kinyozi mwenyewe aliacha mteja na povu kidevuni, akaja.

"Hiyo bluu ndiyo uliyonipakia meza mwaka niliooa."

"Ndiyo. Mkwe Amefika."

"Na kweli alifika, hajaondoka mpaka leo," kinyozi akasema, akarudi kazini. Hata yeye siku ile hakutaja mkweche.

Mlango aliuacha wa mwisho. Alingoja Jumapili asubuhi, akijua naenda kumwona shoga yangu aliyelazwa. Niliporudi uwanja ulikuwa umefagiwa. Mdogo wangu katika maisha yake hakuwahi kufagia. Mlango ulikuwa bati tupu, unang'aa. Kwenye mfereji wa barabarani maji yalikuwa yanapita na unga wa kijani umeshikamana pembeni.

"Umeshaufanya," nikasema.

"Nimeshaufanya."

Rangi ya kiwandani ilikuwa imebaki kidogo ndani ya buti, chini ya zulia. Aliifananisha kwa kidole kama kawaida yake, na ikakubali. Gari zima likawa maziwa yaliyoanza kuganda. Fundi umeme akafungua lile jicho. Likang'aa kama meno ya bandia.

Kibao alikipata. Nitasema kweli, siku ya maonyesho kwenye uwanja wa mpira nilikwenda, na nilivaa gauni nililolishona mwenyewe kwa ajili hiyo. Mtangazaji alitaja gari la kale na mwaka wake, watu wakapiga makofi, wakalipiga picha, na yeye pia. Alishika usukani kama mtu aliyebeba sinia limejaa. Binti yake alikaa kando yake, na mimi kwa sababu gari halina kiti cha nyuma nikarudi na mkwe kwenye gari la kawaida, tukiwafuata.

Alipofika mtaani kwetu akapunguza mwendo. Nikajua anataka nini. Alipita mbele ya kinyozi taratibu kabisa. Kinyozi akainua macho, akayarudisha kwenye kichwa cha mteja. Watoto waliokuwa wanacheza wakasogea kando wakampisha. Hakuna aliyesema Konyeza. Macho yote mawili ya gari yalikuwa wazi. Ikabidi apige honi, ndipo kinyozi akatoka na kitana mkononi.

"Samahani, mzee. Nilidhani ni mgeni amepotea njia."

Kibao kilikuwa cha shaba, kimebandikwa ndani, chini ya kioo. Mimi nilimshonea gari shuka la kulifunika. Akawa kazi yake ni kufunua, kufuta vumbi, kufunika. Mteja akija anauliza, "Fundi, nichague wapi?" hana pa kumwonyesha. Anaeleza kwa mikono. "Bluu nzito hivi, yenye heshima." Mteja anasema atarudi, anakwenda kwenye duka la mashine, kule wana vipande vya karatasi vya kila rangi. Nilimwambia basi lipake tena, nani atakuja kukagua. Akaniambia ameahidi. Alikuwa mtu wa hivyo, akishatia sahihi basi.

Kisha binti yake akaja na mimba yake imekaa mbele, na mkwe nyuma amebeba kitanda kidogo cha chuma kilichotoka kuchomelewa.

"Baba, hiki ni cha mjukuu wako. Nakitaka Nimekosea."

Mdogo wangu alicheka kicheko chake cha kweli, nilikisikia kutoka ng'ambo. Muda mrefu hakuna aliyemwagiza rangi ile. Akakipaka praima ya kijivu, ile rangi ya kutangulia, akapanga makopo, akachanganya, akachovya kidole, akakiinua. Akabaki amekishika hewani. Hakuwa na mahali pa kukipaka.

Akapaka kwenye kipande cha bati. Binti akatazama.

"Siyo, baba. Ile ilikuwa na njano zaidi."

Akaongeza njano. "Sasa?"

"Sasa imezidi. Imekuwa kama embe bichi."

Wakaenda kutafuta kwenye mtaa. Mimi nilifunga chumba nikawafuata, ingawa hakuna aliyeniita. Geti la hoteli lilikuwa limepigwa jua mpaka limekuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Gari la mikate lilishauzwa chuma chakavu. Viti vya kinyozi vilibadilishwa zamani, na masanduku ya posta yamepakwa upya na duka la mashine. Tukarudi tukafungua mlango wa Konyeza, tukatazama kwenye bawaba, kwenye kona, chini ya mpira wa kuzuia mvua. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Palikuwa safi kila mahali, maziwa matupu.

Nikasema nina uzi. Nilileta kasha langu la nyuzi, nikamwaga juu ya boneti la gari lenyewe, na hakuna aliyenikataza. Nikatoa nyuzi zote za kijani. Binti akaleta kipande cha sabuni. Mkwe naye, maskini, akaleta chupa, wakati hakuwahi kumwona wifi wala rangi ikiwa mpya.

"Ilikuwa hivi," nikasema, nikashika uzi mmoja.

"Shangazi, huo umeiva sana."

"Mimi niliitazama kila siku dirishani, wewe ulikuwa shuleni."

"Na mimi nilikuwa naukumbatia ule mlango nikimsubiri baba afunge kazi. Shavu langu linaujua."

"Shavu halioni."

"Dada," mdogo wangu akasema, "ilikuwa na bluu. Bluu kidogo kwa ndani, kama ya mshipa wa mkono."

"Haikuwa na bluu hata chembe," nikasema.

Kila mmoja alikuwa na kijani chake na alikuwa na hakika nacho. Mdogo wangu alichukua nyuzi moja moja, akaziweka karibu na jicho lake la kulia, la kushoto lilishaingia ukungu, akazirudisha kwenye kasha polepole, kila uzi mahali pake.

"Nimekosea," akasema.

"Ndiyo, baba, hiyohiyo Nimekosea," binti akasema, "ndiyo tunayoitafuta. Jaribu tena kopo lile la mwanzo."

Hakumsahihisha. Alichukua kijiti, akakoroga kopo lile la mwanzo.

Kitanda kile kiliondoka na praima. Mjukuu alizaliwa, akalala kwenye kijivu, akakua, miguu ikagusa chuma, akahamishiwa kitanda kikubwa. Mdogo wangu aliendelea kuchanganya. Kila asubuhi anafuta gari, analifunika, anachukua kopo tupu anaanza. Kijani juu ya kijani. Kwenye kila kifuniko aliacha alama ya kidole ili ajue ndani kuna nini, akayapanga makopo ukutani chini ya mabati. Kinyozi akawa haulizi tena gari limeamkaje. Anauliza, "Fundi, imekubali?" Na mdogo wangu anasema bado.

Mwaka uliofuata ule wa kitanda kikubwa kifua kikambana usiku, na asubuhi hakuamka.

Gari amelichukua mkwe, kila mwaka analipeleka kwenye maonyesho, anarudi na picha. Siendi. Uwanja umepangishwa mtu anayeuza milango ya vioo. Makopo niliyabeba mimi, nikayapanga chumbani kwangu chini ya meza ya kukatia nguo. Binti akija anainama anayatazama, anagusa moja, anasema shangazi, nadhani ni hili. Mimi nasema siyo, ni lile pale. Hatujawahi kukubaliana, na sitabadilisha neno langu.

Juzi hakukuwa na kazi. Nilifunua lile kopo langu, rangi ilikuwa imefunga ngozi juu, nikaitoboa, nikachovya kidole. Nikapaka kwenye ubao wa dirisha, pale ninapokaa. Nikasubiri ikauke, kama alivyokuwa anasubiri. Ilikauka. Chini yake hapakuwa na kitu cha kuifananisha nacho, kwa hiyo alama haikupotea. Bado ipo, inaonekana kidole kilipopita.